Kaseti ya Kujaribia

Baba alikuwa na nyimbo sita, na hakuna hata moja aliyowahi kuimaliza.

Alizipiga kwa mluzi akiwa kazini, kila siku kwa mpangilio uleule. Ya kwanza ilipanda kwa kishindo kisha ikateremka kama mtu anayeshuka ngazi. Ya pili ilikuwa ya huzuni huzuni. Ya tatu, ya nne na ya tano zilipita haraka, sekunde nne nne hivi, na kila moja ilikatikia mahali ambapo sikio lilikuwa bado linangoja. Ya sita ilikuwa noti moja tu, ndefu, aliyoivuta mpaka pumzi imwishie. Halafu kimya. Dakika mbili baadaye anaanza tena ya kwanza.

Nikiwa darasa la tatu nilimuuliza, "Baba, hiyo ya kwanza inaishaje?" Alikuwa ameinamia mashine, mdomoni ana skrubu. Aliitoa akanijibu, "Inaishia hapo."

Baba alikuwa fundi wa televisheni na video mjini Nakuru. Alifungua kibanda chake mwaka 1989, wakati nchi nzima bado ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni. Mwaka uliofuata KTN ikaingia, watu wakapata cha kuchagua, na wenye vijisenti wakaanza kununua mashine za video ili waangalie sinema za kukodi. Mashine za video zilikuwa na tabia nzuri sana kwa fundi: ziliharibika. Zilikula kaseti, vumbi liliingia kwenye hedi, mikanda ya mpira ililegea. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu kwamba mali isiyochukuliwa kwa siku 90 itauzwa. Hakuwahi kuuza kitu. Alipofariki mwaka 2021 kibanda kilikuwa kimejaa mali ya watu waliosahau kuirudia, nyingine tangu kabla sijazaliwa.

Kazi ya kukiondoa kibanda hicho niliangukiwa nayo mimi mwaka jana, mwenye nyumba alipotaka nafasi yake. Ndugu zangu wameajiriwa. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na kwetu mtu anayeketi kitandani na kompyuta mapajani haonekani kama yuko kazini. Siwalaumu. Hata mimi kuna siku sina hakika.

Chini ya meza, ndani ya boksi la biskuti, nilikuta kaseti moja ya VHS iliyoandikwa kwa mkono wake: KUJARIBIA. USIFUTE. Kile kidude cha plastiki mgongoni kilikuwa kimevunjwa ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Kati ya mashine zilizobaki, moja ilikuwa bado inazunguka. Nikaiweka.

Ilikuwa mechi ya ligi ya Italia yenye mtangazaji Mwingereza, maana mtu fulani huko Uingereza alikuwa ameirekodi kutoka Channel 4, iliyoanza kuonyesha ligi hiyo mwaka 1992, baada ya Lazio kumchukua Paul Gascoigne. Nusu ya kwanza ikaisha, yakaja matangazo ya biashara. Gari. Kahawa. Kisha bahari wakati wa machweo, kivuli cha mwanamume ameshika saksafoni, na nikasikia wimbo wa kwanza wa Baba.

Nilisimama. Nilikuwa nimeketi juu ya televisheni ya mtu, na nikajikuta nimesimama.

Zilifuata zote, moja baada ya nyingine, zikikatwa palepale alipozikata. Wapenzi wawili wanatembea ufukweni, dirisha lina mvua, mshumaa. Majina ya nyimbo yanapanda kwenye skrini kwa herufi za manjano, ila kaseti imechakaa hivi kwamba hayasomeki. Sauti nzito ya kiume inasema, kwa Kiingereza cha kubembeleza, kwamba huu ndio muziki wa jioni zako tulivu na kwamba umepulizwa kwa saksafoni peke yake. Wa sita ukaanza, ile noti ndefu, ikavutwa, ikavutwa, halafu picha ikapasuka, ikaruka, na mara tukarudi uwanjani, kipindi cha pili kimeshaanza.

Nilifungua kifuniko cha kaseti nikauvuta utepe kidogo kidogo kwa kalamu. Pale ulipokatika, Baba alikuwa ameunga kwa seloteipu, na seloteipu imegeuka rangi ya chai. Utepe wa VHS, kwa mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia sisi na Waingereza, hutembea kwa sentimita 2.34 kila sekunde. Kwa hiyo ukikata kipande kama shubiri moja kilichokunjamana ukakitupa, umetupa sekunde tisa hivi. Katika matangazo ya albamu, sekunde za mwisho ndizo zenye bei, namba ya kupiga simu, na jina la albamu.

Ng'ambo ya barabara kuna mwanamume anayetengeneza simu. Alijifunza kazi kwa Baba. Nilipompelekea kaseti alicheka, akaishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani aliyekua. Akaniambia ililetwa na familia iliyorudi kutoka Uingereza, miaka ya tisini katikati, ikiwa imekwama ndani ya mashine. Baba aliitoa, akaitengeneza mashine, wakaja wakachukua mashine, wakaacha kaseti. Mpira wenyewe haukumhusu Baba. "Mechi haikufai kujaribia sauti," akanieleza. "Mashabiki wanapiga kelele tu. Kelele hata ikiyumba utajuaje? Lakini noti ya saksafoni ikivutwa, kama kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kimeisha, utaisikia inatetemeka kama mtu anayelia. Mzee alikuwa anaangalia hiyo noti ya mwisho. Ikinyooka, kazi imeisha, mwite mwenyewe."

Kumbe. Kila mashine iliyotengenezwa pale, kwa miaka kumi na zaidi, ilipimwa kwa sekunde hizo thelathini. Anacheza, anasikiliza, anarudisha nyuma, anasafisha hedi kwa spiriti, anacheza tena. Ndiyo maana sehemu ya mechi kwenye kaseti bado ni safi, kijani cha uwanja bado ni kijani, na tangazo limejaa michirizi meupe kama mvua ya mawe. Amelichakaza kwa kulisikiliza. Hata utepe ulikatikia hapo kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akisimamisha kila siku.

Nilinunua kifaa kidogo cha kunasa picha pale Luthuli Avenue, nikalihamishia tangazo kwenye kompyuta kabla halijakatika tena. Kisha, kama kawaida yangu ninapopaswa kuwa nikifanya kazi ya mtu mwenye haraka, nikaanza kuchimba.

Matangazo ya aina hii yana baba yake, na baba huyo hakuwa mwanamuziki. Philip Kives alizaliwa 1929 kwenye shamba kule Oungre, mkoa wa Saskatchewan, Kanada. Mwaka 1962 alitengeneza tangazo la televisheni la dakika tano la kuuza kikaango kisichoshika chakula. Watu wakakinunua kwa wingi. Akagundua kwamba televisheni haikuhitaji duka katikati: unaonyesha kitu, unakisifia kwa kasi, unarudia, basi. Mwaka 1966 akaweka muziki mahali pa kikaango: nyimbo 25 za kantri katika sahani moja. Kampuni yake ikaja kuitwa K-tel. Ilipofika Uingereza mwaka 1972 na mkusanyiko wa nyimbo 20, ulipanda hadi namba moja. Ili nyimbo zote hizo zitoshe kwenye sahani moja, K-tel ilikuwa ikizifupisha, na kwenye tangazo zikafupishwa tena mpaka kila moja ikabaki kionjo. Wapenda muziki walilaani. Wanunuzi hawakujali, kwa sababu tangazo lilikuwa tayari limewafundisha kuzipenda nyimbo kwa vipande.

Baba naye alifundishwa hivyo, isipokuwa yeye hakuwa na namba ya kupiga wala pauni za kulipa.

K-tel ilifilisika Marekani mwaka 1984, ila mbinu yenyewe haikufa, na Uingereza ikapata wafuasi wengi. Kisha likatokea jambo ambalo nadhani lilizisaidia saksafoni, ingawa halina mahaba yoyote ndani yake. Januari 1989 orodha rasmi ya albamu za Uingereza iligawanywa: mikusanyiko ya wasanii mbalimbali ikatengewa orodha yake, ikaondolewa kwenye ile kubwa. Sasa wewe ni mfanyabiashara unayetaka kuuza nyimbo ishirini zinazopendwa na kila mtu, na bado uonekane kwenye orodha kubwa. Unafanya nini? Unamwita mtu studio azipulize zote upya, unabuni jina la kundi, na albamu inakuwa ya "msanii" mmoja. Tena hulipii rekodi za asili. Unamlipa mtunzi haki yake, na anayepuliza unamlipa siku yake. Mwaka 1995 ndio uliokuwa mwaka wa sherehe. Pan Pipe Moods, albamu ya filimbi iliyotolewa kwa jina Free the Spirit, ilifika namba mbili Uingereza. Mwaka huohuo ikatoka Sax Moods, kwa jina Blowing Free, nayo ikaingia kumi bora. Hayo si majina ambayo mama alimpa mtu. Ni majina ya tangazo.

Mtu wa hapa kwetu angeweza kuuliza kwa nini saksafoni ifanywe kitu cha kulalia. Adolphe Sax, yule Mbelgiji wa Dinant aliyeisajili kule Paris mwaka 1846, aliitaka ifanye kazi kwenye bendi za jeshi, ipige kelele ya kutosha kiwanjani. Katika rumba iliyotufikia kutoka ng'ambo ya maziwa ilikuwa kitu cha kuwasimamisha watu. Verckys Kiamuangana Mateta aliipuliza katika OK Jazz ya Franco kana kwamba anagombana nayo. Manu Dibango wa Kamerun aliifanya izunguke dunia na "Soul Makossa" mwaka 1972. Les Mangelepa waliwachezesha watu wa Nairobi kwa tarumbeta na saksafoni tangu miaka ya sabini. Na hapa ndani ya kaseti hiihii chombo hikihiki kinatumika kuuzia mshumaa. Sisemi ni dhambi. Nasema tu nilipokuwa mdogo sikuwahi kufikiri kwamba mluzi wa Baba na ile saksafoni iliyotoka kwenye redio ya jirani Jumapili ni kitu kimoja.

Nyimbo mbili kati ya sita nilizitambua kwa hakika.

Ule wa pili, wa huzuni, ni "Careless Whisper" wa George Michael, wa mwaka 1984, ambao redio zetu bado zinaupiga kana kwamba ulitoka jana. Huo hata mimi ningeujua zamani kama Baba asingeukatia mahali pabaya. Wapulizaji kadhaa walijaribiwa studio na kukataliwa kabla hajaja Steve Gregory. Chombo chake kilikuwa cha zamani, hakikuwa na kitufe cha noti moja ya juu iliyohitajika, kwa hiyo mafundi walipunguza kasi ya utepe ili muziki ushuke kidogo, akapuliza chini, kisha wakaurudisha kwenye kasi yake. Yaani sauti ile ambayo dunia nzima inaijua haikupulizwa na mtu kwa urefu huo. Ni kazi ya kasi ya utepe. Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa akipigania kasi ya utepe inyooke, angeifurahia hiyo sana, na inaniuma kwamba nimeijua akiwa hayupo.

Wa kwanza, ule wa kishindo, ni "Baker Street" wa Gerry Rafferty, wa mwaka 1978. Aliyepuliza saksafoni pale anaitwa Raphael Ravenscroft. Alikuwa mwanamuziki wa studio, wa kuitwa na kulipwa, na alichukua saksafoni iliyokuwa kwenye gari lake akapiga kile kipande ambacho ndicho kila mtu anakikumbuka. Alisimulia kwamba alilipwa hundi ya pauni 27, na hundi yenyewe ikakataliwa benki. Mwaka 2011 alisema inamkera kujisikia kwenye wimbo huo kwa sababu noti zake ziko chini kidogo. Alifariki mwaka 2014.

Pauni 27. Nilikaa na hiyo namba kwa muda.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa na shimo, nikaanza kuliziba kwa kazi ambayo vijana wengi wa rika langu wanaijua: kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Shilingi 250 kwa ukurasa, nyingine 300 kama ni za usiku na za haraka. Niliandika kuhusu uuguzi, kuhusu sheria ya mikataba, kuhusu historia ya reli za Marekani. Nilipata alama nzuri sana. Zilikuwa alama za watu ambao sitawajua, na wakati wao wanavaa majoho mimi nilikuwa nimeshindwa kumaliza darasa langu mwenyewe, kwa sababu usiku uleule wa mtihani wangu kulikuwa na kazi ya mtu. Wapo wanaosema huo ni wizi. Pengine. Ninachokumbuka mimi ni kwamba nilikuwa najitahidi. Kulikuwa na insha moja kuhusu kifungo cha Dedan Kimathi ambayo hadi leo ningependa ibandikwe jina langu.

Baba alijua ninafanya nini. Nilidhani atanigombeza nilipomwambia nimeacha chuo. Aliuliza swali moja: "Hao unaowaandikia, wanarudi?" Nikamwambia ndiyo, wanarudi. Akasema, "Basi kazi ni nzuri." Lilikuwa jibu la fundi. Mimi nilitaka jibu la baba, nikakasirika, na tukamaliza miezi mingi ya mwisho wake tukiongea mambo ya bei ya unga na nani kafa.

Ninapolitazama tangazo sasa ninamtafuta yule mwenye kivuli. Sura yake haionyeshwi hata mara moja. Huenda hata si yeye anayesikika. Huenda aliyesimama mbele ya machweo ni mtu aliyekodiwa asubuhi hiyo kushika chombo, na mpulizaji yuko studio bila madirisha, mbele yake karatasi za nyimbo ishirini, anatazama saa. Ravenscroft anampa Rafferty wimbo kwa pauni 27. Mtu huyu anamwiga Ravenscroft kwa malipo ya siku. Baba anamwiga mtu huyu bure, Nakuru, ana skrubu mdomoni. Hakuna kati yao anayemjua mwingine, ila Baba ndiye aliyemsikiliza yule wa katikati kuliko binadamu yeyote. Hakuna aliyenunua albamu ile Uingereza aliyeisikia noti ile ya sita mara elfu kadhaa akitafuta kama imenyooka.

Na ilikuwa imenyooka. Nimeipima kwenye kompyuta, kwa mashine ileile ya Baba. Utepe umeoza, picha imekwisha, lakini noti inasimama wima sekunde tano nzima, mpaka kwenye seloteipu.

Desemba nilienda nyumbani na kompyuta. Mama alikuwa jikoni anakata sukuma. Nilimchezea tangazo kwanza. Hakusema neno, aliweka kisu chini, akasikiliza zote sita, na ilipofika ya mwisho nikaona kifua chake kimepanda naye, kama anayemsaidia mtu kubeba mzigo. Ilipokatika akashusha pumzi. "Weka tena," akasema. Nikaweka mara tatu.

Halafu nikamwambia nimeipata ile ya kwanza, nzima, kama ilivyotoka mwaka 1978. Akaniambia haya, iweke. Saksafoni ikaingia. Akatikisa kichwa kwa mapigo anayoyajua, akafika pale Baba anapokatia, akachukua kisu chake arudi kwenye mboga. Wimbo ukaendelea. Saksafoni ikatulia, na Gerry Rafferty akaanza kuimba.

Mama aligeuka akaiangalia kompyuta.

"Kwani ilikuwa na maneno?"